Je, Wajua? Roki na Kantri, Watoto wa Mama Mmoja

Je, wajua kwamba wimbo wa kwanza wa bendi ya Queen kushika namba 1 Marekani ulitungwa ndani ya beseni la kuogea? Mtunzi ni kijana wetu wa Mji Mkongwe, Unguja, Freddie Mercury, aliyezaliwa Septemba 5, 1946 akaitwa Farrokh Bulsara. Mwaka 1979 alikuwa hotelini Munich, Ujerumani, anaoga, wimbo ukamjia, akataka aletewe gitaa. Mwenyewe alisema kazi ilimchukua dakika 5 au 10, basi! Wimbo ni "Crazy Little Thing Called Love", na mahadhi yake ni ya Elvis Presley mtupu.

Tulia, utamu bado. Mwaka 1999 wimbo huohuo uliimbwa upya na Dwight Yoakam, mwana kantri wa kofia pana na suruali ya kubana, ukaingia kwenye chati za kantri Marekani. Kazi ya mzaliwa wa Unguja katikati ya nyimbo za wachunga ng'ombe! Nani aliwahi kukuambia?

Mimi ni shabiki wa siku nyingi wa muziki huu wa magitaa, na nina msimamo wangu. Roki ya zamani na kantri wamelala tumbo moja. Na ile iitwayo kantri mbadala, yaani kantri isiyojipodoa ili ipendwe na redio, ndiyo mpwa aliyerithi sura za pande zote mbili. Unabisha? Haya, nakupa moja moja.

Je, wajua "Maybellene", wimbo wa mwaka 1955 uliomtoa Chuck Berry, ulitokana na wimbo wa fidla wa kantri uitwao "Ida Red"? Mtu mweusi wa St. Louis, Missouri, alichukua muziki wa mashambani wa wazungu, akauongeza mwendo, akauingiza gari na mapenzi ndani yake. Vijana wa rangi zote wakapagawa. Hapo roki ilikuwa bado inatambaa.

Na Chuck Berry huyo yuko mbali sana leo. Wimbo wake "Johnny B. Goode" umo kwenye santuri ya dhahabu iliyorushwa na chombo cha Voyager 1 mwaka 1977, na sasa chombo hicho kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka duniani. Santuri hiyo ina salamu za lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kiswahili hakimo! Waganda wametupiga bao hadi nje ya sayari.

Je, wajua gitaa la Brian May wa Queen lilitokana na meko? Yeye na baba yake walianza kulitengeneza nyumbani mwaka 1963, kwa mbao za fremu ya meko kuukuu. Mashimo ya wadudu yalizibwa kwa njiti za kiberiti, springi zilitoka kwenye pikipiki chakavu, na vile vidoto vya shingoni ni vifungo kutoka kikapu cha kushonea cha mama yake. Halafu haligongi kwa kile kipande cha plastiki cha wapiga gitaa wengine; hutumia sarafu ya peni 6.

May huyohuyo ni daktari wa falsafa katika fizikia ya anga. Aliacha masomo Imperial College, London, katika miaka ya 1970 akaenda kupiga muziki, kisha akarudi akawasilisha tasnifu yake mwaka 2007. Miaka zaidi ya 30! Na wewe unajisikia vibaya kwa sababu yako imelala miaka mitatu?

Shika hii sasa. Muziki mzito wa Black Sabbath umezaliwa na ajali kazini. Tony Iommi alikuwa na miaka 17, na ilikuwa siku yake ya mwisho katika kiwanda cha mabati Birmingham, Uingereza. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili, tena vya mkono unaobana nyuzi. Akaambiwa gitaa asahau.

Asahau wapi! Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea kofia za vidole, akazivalisha ngozi, akaendelea kupiga. Baadaye akazilegeza nyuzi zisimuumize, na mlio ukashuka chini, mzito, wa kutisha. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa siku 1 tu, Oktoba 1969. Na baada ya ajali ile, msimamizi wa Iommi kiwandani ndiye aliyemletea santuri ya kumtia moyo: ya Django Reinhardt, gwiji aliyepiga kwa vidole viwili baada ya kuungua moto.

Je, wajua Keith Richards wa Rolling Stones husimulia kwamba "Satisfaction" aliipata usingizini? Mwaka 1965 aliamka usiku, akapiga vipande vichache mbele ya kinasa sauti, akalala tena. Asubuhi akakuta kaseti imeisha. Dakika chache za gitaa, halafu dakika kama 40 za mtu anayekoroma!

Ile nembo ya ulimi wa Rolling Stones je? Mwanafunzi wa sanaa, John Pasche, aliichora mwaka 1970 akalipwa pauni 50. Mchoro halisi ulinunuliwa na jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, mwaka 2008 kwa zaidi ya dola 90,000.

Unapenda namba kubwa? Chukua hizi. "The Dark Side of the Moon" ya Pink Floyd ilitoka Machi 1973, na kufikia 1988 ilikuwa imekaa wiki 741 kwenye orodha ya albamu 200 za Billboard. Hiyo ni zaidi ya miaka 14. Namba 1 pale Marekani ilikaa wiki ngapi? Wiki 1!

Na ule mlio wa sarafu mwanzoni mwa "Money", unajua ulivyopatikana? Roger Waters alikuwa akitupa sarafu ndani ya bakuli kubwa ambalo mkewe alichanganyia udongo wa kufinyangia.

Albamu "Rumours" ya Fleetwood Mac, ya mwaka 1977, imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Waliitengeneza huku mke na mume wa bendi wakiachana, wapenzi wengine wawili wa bendi nao wakiachana, na mpiga drams akiachana na mkewe. Wakawa wanatungiana nyimbo za kusutana, kisha wanaziimba pamoja. Wapenzi wa taarab, hapo mmenielewa vizuri kuliko wote.

Eagles nao wana rekodi yao. Mkusanyiko wa vibao vyao vya 1971 hadi 1975 ndio albamu ya kwanza kabisa kupewa hadhi ya platinamu Marekani, mwaka 1976, na mwaka 2018 ulithibitishwa kufikia milioni 38. Nawaheshimu. Ila nikuambie ukweli, wamesafika mno kwa sikio langu. Napenda muziki wenye vumbi kidogo.

Vumbi hilo ninalolitaka lina jina: Gram Parsons. Hapa sogea karibu, maana mtu huyu peke yake angejaza safu nzima.

Je, wajua baba wa kantri mbadala alikuwa mrithi wa utajiri wa machungwa? Gram Parsons alizaliwa Florida mwaka 1946 katika ukoo wenye mashamba makubwa ya michungwa. Aliingia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1965, akakaa muhula 1 tu. Gitaa lilimshinda nguvu.

Mwaka 1968 alijiunga na The Byrds, bendi ya roki yenye jina kubwa, akawageuza wote kuwa wana kantri. Machi mwaka huo akawapandisha jukwaani Grand Ole Opry, onyesho maarufu la kantri la redio, Nashville, ambako bendi ya roki ilikuwa haijawahi kukanyaga. Wenyeji walipoona zile nywele, wakazomea. Parsons naye akazidisha: wimbo uliotangazwa akauweka kando, akapiga wake mwenyewe, akasema ni zawadi kwa bibi yake. Hawakualikwa tena!

Albamu iliyotoka Agosti mwaka huohuo, "Sweetheart of the Rodeo", haikuuza. Leo ndiyo chemchemi ambayo wana kantri mbadala wote wanadai walikunywa maji yake. Ndivyo ilivyo kwa muziki: soko huchelewa kufika.

Je, wajua aliiacha bendi hiyo kwa sababu ya Afrika? Julai 1968 The Byrds walikuwa London, tayari kwenda kupiga Afrika Kusini. Parsons akakataa kupanda ndege, akasema hatapiga mbele ya watu waliotengwa kwa rangi. Baadhi ya wenzake walinung'unika kwamba alitaka tu kubaki na rafiki yake mpya, Keith Richards. Iwe iwavyo, ukweli haubadiliki: wao walikwenda, yeye hakwenda.

Bendi yake iliyofuata, Flying Burrito Brothers, walivaa suti za nakshi zilizoshonwa katika duka la Nudie Cohn, fundi mzaliwa wa Kyiv, Ukraine. Suti ya Parsons ilidariziwa majani ya bangi, maua ya kasumba na vidonge, na mgongoni msalaba mkubwa. Hebu fikiria ukipanda nayo daladala.

Je, wajua "Wild Horses", wimbo unaopendwa wa Rolling Stones, haukutolewa kwanza na Rolling Stones? Keith na Mick Jagger waliutunga wao, lakini Flying Burrito Brothers waliutoa mwaka 1970, mwaka 1 kabla ya wenyewe. Wimbo wa roki ulizinduliwa kwenye kantri. Bado unabisha?

Parsons alifariki Septemba 19, 1973 katika chumba namba 8 cha hoteli ndogo ya Joshua Tree, California. Miaka 26! Na kilichofuata kingekataliwa hata na mtunzi wa filamu. Mwili ukiwa uwanja wa ndege wa Los Angeles, meneja wake Phil Kaufman na rafiki yao walifika na gari la kubebea maiti, la kuazima, wakasaini karatasi, wakaondoka nao. Walikuwa wameahidiana na marehemu kwamba atakayetangulia atachomewa jangwani.

Wakampeleka jangwani Joshua Tree, wakamwaga petroli, wakawasha. Walipokamatwa, wakili wa serikali hakupata sheria ya kuwashtaki kwa kuiba maiti, maana maiti haikuhesabiwa kuwa mali ya mtu. Wakatozwa faini kwa kuiba jeneza.

Msichana ambaye Parsons alimwachia kipaza sauti alikuwa akiimba kwenye vilabu vidogo vya Washington alipokutana naye. Anaitwa Emmylou Harris, na leo ana lundo la tuzo za Grammy. Na kwenye albamu ile ya kwanza walipoimba pamoja, "GP" ya mwaka 1973, miongoni mwa waliopiga vyombo ni watu wa bendi ya Elvis Presley mwenyewe; Parsons aliwakodi kwa pesa yake ya machungwa.

Haya, twende mbio kidogo.

Je, wajua Rolling Stones walirekodi "Brown Sugar" katika jengo linaloelezwa kuwa zamani liliuza majeneza? Ni studio ya Muscle Shoals Sound, mjini Sheffield, Alabama, Desemba 1969. Siku 3, nyimbo 3.

Mmoja wa wenye studio hiyo, mpiga besi David Hood, alikuwa na mtoto aitwaye Patterson. Mtoto amekua, ameanzisha Drive-By Truckers, bendi ya kantri mbadala kwelikweli. Mwaka 2001 walitoa albamu ya santuri mbili, "Southern Rock Opera", inayohusu bendi moja tu ya roki: Lynyrd Skynyrd.

Na Lynyrd Skynyrd wenyewe, wajua jina lao ni la nani? La mwalimu wao wa michezo, Leonard Skinner wa Jacksonville, Florida, aliyekuwa akiwaandama kwa nywele ndefu. Walilipotosha herufi kumdhihaki. Mwalimu hakuweka kinyongo. Baadaye alipanda jukwaani kuwatambulisha!

Bruce Springsteen alirekodi albamu nzima, "Nebraska" ya 1982, peke yake chumbani kwa mashine ya kaseti. Kisha akazunguka na kaseti hiyo mfukoni, bila hata kasha. Bendi ilijaribu kuzipiga upya nyimbo zile studio, zikagoma kunoga, kaseti ikatolewa ilivyo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na najua nitapigiwa kelele.

Neil Young? Mwaka 1983 kampuni yake ya santuri ilimshtaki ikidai dola milioni 3.3. Kosa lake: kutoa muziki usiofanana na wa Neil Young!

Na John Fogerty wa Creedence Clearwater Revival yalimkuta kinyume chake. Kampuni yake ya zamani ilimshtaki kwa kufanana mno na John Fogerty. Kwamba wimbo wake mpya wa mwaka 1985 umeibwa kutoka wimbo wake wa mwaka 1970, ambao haki zake alikwishaziuza. Mwaka 1988 alikwenda mahakamani San Francisco na gitaa, akakaa kizimbani, akawapigia wazee wa baraza nyimbo zote mbili wazisikie tofauti. Akashinda! Suala la gharama za mawakili likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1994, akashinda tena.

Bendi hiyo ya Fogerty ina maajabu mengine. Nyimbo zao zinanukia mabwawa na mamba wa Louisiana, wakati wao ni vijana wa El Cerrito, California, karibu na San Francisco. Walishika namba 2 Marekani mara 5. Namba 1? Hata mara 1 hawakuwahi.

Sasa tuje kwa wale niliokuahidi, wa kantri mbadala wenyewe. Je, wajua jina la Uncle Tupelo lilipatikana kwa kuokota maneno mawili ya kubahatisha kwenye kamusi? Vijana watatu wa Belleville, Illinois, walitoa albamu "No Depression" mwaka 1990, wakaipa jina la wimbo uliorekodiwa na Carter Family mwaka 1936. Mwaka 1995 likaanzishwa jarida kwa jina hilohilo, na hadi leo wapo wanaoiita kantri mbadala yote kwa jina la albamu ile.

Albamu yao ya tatu inaitwa "March 16–20, 1992". Unauliza kwa nini? Ndizo siku 5 walizoirekodi. Jina halikuwagharimu usingizi.

Mwaka 1994 walivunjika vipande viwili: Jay Farrar akaunda Son Volt, Jeff Tweedy akaunda Wilco. Wakati ule wengi tuliweka dau kwa Farrar, kwa sauti ile yake ya mzee aliyezaliwa mzee. Dau liliteleza.

Maana sikia mkasa wa Wilco. Mwaka 2001 walipeleka albamu "Yankee Hotel Foxtrot" kwa kampuni yao, Reprise. Kampuni ikaikataa, ikawaachia waondoke na kanda zao. Wakaiweka intaneti watu wasikilize bure. Kisha kampuni ya Nonesuch ikainunua na kuitoa Aprili 2002, ikawa albamu iliyouza kuliko zote walizotoa. Reprise na Nonesuch zilikuwa za tajiri mmoja, AOL Time Warner! Ameilipia bidhaa ileile mara mbili, na katikati akaifukuza.

Jina la albamu hiyo nalo lina vituko. Ni maneno ya sauti ya mwanamke iliyonaswa kwenye redio ya masafa mafupi, katika vile vituo vinavyosoma herufi na namba ambavyo watu husema ni vya majasusi.

Wilco haohao, pamoja na Mwingereza Billy Bragg, walitoa nyimbo "mpya" za mtu aliyefariki mwaka 1967. Woody Guthrie aliacha zaidi ya mashairi 1,000 bila muziki wake, na binti yake akawakaribisha wayatie sauti. Albamu ikaitwa "Mermaid Avenue", ikatoka 1998. Mermaid Avenue ni barabara alikokaa Guthrie, Brooklyn, New York.

Lucinda Williams alikaa miaka 6 kati ya albamu moja na inayofuata, akirekodi, akitupa, akirekodi upya. Ilipotoka "Car Wheels on a Gravel Road" mwaka 1998, ikampa Grammy. Ukinipora albamu zangu zote za kantri mbadala ukaniachia 2, hii ni mojawapo.

Hank Williams, mfalme wa kantri, alifariki Januari 1, 1953. Townes Van Zandt, mtunzi anayeabudiwa na wana kantri mbadala, alifariki Januari 1, 1997. Tarehe ileile, miaka 44 baadaye! Na Steve Earle alimpenda Townes hadi akampa mwanawe jina hilo.

Robert Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin, naye hakusalimika na kantri. Desemba 10, 2007 Led Zeppelin walirudi jukwaani London kwa usiku 1, na maombi ya tiketi yakafika milioni 20 kwa ukumbi wa watu kama 20,000. Piga hesabu: kila kiti kiligombewa mara 1,000. Dunia ikangoja ziara. Plant akawaacha wakingoja, akaenda kuimba taratibu na Alison Krauss, mpiga fidla wa nyimbo za milimani. Albamu yao "Raising Sand" ikazoa Grammy 5 usiku mmoja wa mwaka 2009, ikiwemo ya albamu bora ya mwaka. Alichagua vizuri.

Lakini ngoja, wewe unayedhani haya yote ni mambo ya wazungu. Je, wajua banjo ni chombo cha Kiafrika? Watumwa kutoka Afrika Magharibi ndio walioufikisha Marekani ujuzi wa kutengeneza gitaa la kibuyu na ngozi, na ndugu wa banjo bado anapigwa na Wajola wa Senegal na Gambia. Anaitwa akonting.

Na nyota wa mwanzo kabisa wa Grand Ole Opry alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey. Mwaka 1927 alipuliza kinanda cha mdomo, akaiga treni hadi wasikilizaji wa redio wakaiona. Mwaka 1941 wakamwachisha kazi, akaishi kwa kung'arisha viatu Nashville. Walimwingiza kwenye jumba la heshima la kantri mwaka 2005, akiwa marehemu miaka 23. Aibu hiyo siwezi kuipita kimya.

Hii ndiyo niliyokuwa nimeifungia kibindoni. Jimmie Rodgers, Mmarekani anayeitwa baba wa kantri, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1933. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa muziki, alifika kwa Wakipsigis, upande wa Kericho, Kenya. Akawakuta wasichana wanamwimba Jimmie Rodgers! Walikuwa wamesikia santuri zake kwenye gramafoni, jina wakalitamka "Chemirocha", na sauti ile ikawashangaza hadi wakasema huyu si binadamu kamili: nusu mtu, nusu swala. Katika wimbo wanamkaribisha acheze nao. Utafute usikie, ni dakika moja na ushee ya muziki mtamu kuliko albamu nyingi nilizokutajia humu.

Kantri haijawahi kuondoka Kenya tangu hapo. Nairobi wanaye Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, anayeimba kantri kwa kofia na viatu vyake vya wachunga ng'ombe, na ukumbi unajaa.

Jim Reeves je, yule wa redio za babu zetu? Alifariki Julai 31, 1964 katika ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe karibu na Nashville. Mwaka 1966, akiwa kaburini mwaka wa pili, wimbo wake "Distant Drums" ulishika namba 1 Uingereza kwa wiki 5. Enzi za Beatles zikiwa zimepamba moto!

Paul McCartney, yule wa Beatles, naye alikuja Lagos, Nigeria, mwaka 1973 kurekodi "Band on the Run". Wanamuziki wake wawili walijitoa safari ikiwa imekaribia kabisa. Alipofika, vibaka wakampora kwa kisu na kuondoka na kanda za nyimbo alizoziandaa, naye Fela Kuti akamtuhumu kuja kuiba muziki wa Waafrika. Akazirekodi kutoka kichwani, gitaa la besi yeye, drams yeye. Ikawa albamu ya studio iliyouza kuliko zote Uingereza mwaka 1974.

Na bendi ya Toto, waliokuwa na wimbo "Africa" uliofika namba 1 Marekani Februari 1983? Mtunzi wake mkuu, David Paich, alikuwa hajawahi kukanyaga bara hili. Ndiyo maana Kilimanjaro kwenye wimbo umesimama juu ya Serengeti, wakati vimeachana kwa zaidi ya kilomita 200. Mwaka 2019 msanii mmoja alisimika spika za umeme wa jua katika jangwa la Namib ziupige wimbo huo bila kukoma. Bora wangempeleka Paich Moshi akaone mlima.

Moja ya kuheshimu wazee. Mwaka 1959 mtafiti Alan Lomax alimnasa mfungwa James Carter akiimba huku akipasua kuni na wenzake katika gereza la Parchman, Mississippi. Sauti hiyo ikatumika kufungulia albamu ya filamu "O Brother, Where Art Thou?" ya mwaka 2000, iliyojaa nyimbo za kale za kantri na kuuza nakala zaidi ya milioni 7. Wakamsaka, wakamkuta mzee Chicago, wakamkabidhi hundi ya dola 20,000. Wimbo wenyewe alikuwa ameusahau! Alipoambiwa albamu inauza kuliko ya Michael Jackson, akajibu kwamba atapunguza mwendo ili Michael amfikie.

Albamu hiyo ikashinda Grammy ya albamu bora ya mwaka 2002, na mzee alikuwepo ukumbini.

Basi kura yangu hii hapa, uichukue au uitupe: "Grievous Angel" ya Gram Parsons, iliyotoka Januari 1974 mwenyewe akiwa marehemu, inaizidi "Hotel California" ya Eagles, na inaizidi mbali. Ukitaka kubisha, bisha; lakini isikilize kwanza yote, upande wa A na wa B.